Gia Saba za Kiwanda na Simu ya Mafinga

Kilole, Korogwe
Ijumaa, baada ya swala ya alasiri

Saumu mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Sindeni kumuaga bibi yako, nami nimebaki karakana nikijifanya nina kazi. Sina kazi. Tangu saa nne nimebana kipande cha bomba kwenye vaisi, nikakipiga tupa mara mbili tatu ili majirani wasikie, kisha nikakaa. Sasa nimesogeza spana pembeni na kuchukua daftari lako la chuo, lile lenye kurasa tupu nyuma, naandika humo. Utarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo muda ninao, mradi nisiupoteze kwa kufutafuta.

Sitakuambia habari za sweta wala maji ya kuchemsha. Shangazi yako Zainabu ameshuka kutoka Makuyuni mara tatu wiki hii kwa ajili ya hayo tu, na ukimsikiliza utadhani Mafinga ni nchi ya barafu. Lakini juzi, ulipokwenda sokoni, aliniambia jambo jingine. Alisema, "Kaka, huyu mtoto hakai huko. Ameniambia anakwenda akaonekane tu, mwezi ukiisha anarudi. Anasema baba hawezi kubaki peke yake, nani atamshikia chuma?" Nilijibu, "Ndivyo alivyosema?" kwa sauti ya mtu aliyesikitika. Moyoni, Saumu, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe na hakuna aliyemwona. Ndiyo sababu naandika barua hii.

Nitakupa mkononi kesho stendi, gari likishawashwa. Nataka uisome ukiwa umeshakaa kwenye kiti na kondakta ameshafunga mlango. Kuna jambo baya humu ndani, nami silianzi kwanza kwa sababu najijua, nikianza nalo nitaichana karatasi. Ngoja nianze na zile gia.

Ulizikuta tayari ziko chini ya meza, kwenye lile sanduku la mbao, kwa hiyo hujawahi kuniuliza zilifikaje. Nilikuwa fundi wa mitambo kiwanda cha mkonge, kule babu yako alikoletwa kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, naye akafa hajarudi kwao. Kazi yangu ilikuwa korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge kutoa singa, pamoja na mikanda ya kulishia majani. Mikanda ile iliendeshwa kwa gia za skrubu. Wewe unazijua, lakini niache niseme kama ninavyopenda kusema: chuma kirefu chenye mzingo, kimelala juu ya gurudumu la shaba lenye meno. Skrubu inazungusha gurudumu. Gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu, hata ulikokote kwa trekta. Ukiachia mkono, kitu kinabaki pale pale ulipokiacha.

Kiwanda kilipofungwa, msimamizi wetu alinipa seti saba mpya, bado zina karatasi ya nta. Akasema, "Kaa nazo, fundi. Kazi ikianza tena tutakuja kukutafuta wewe na hizo gia." Nikazibeba kwa baiskeli safari tatu. Kila mwisho wa mwezi nikazifungua, nikazifuta, nikazipaka grisi, nikazifunga. Akiba haiozi, ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mama yako. Yule msimamizi akafariki. Paa la kiwanda likang'olewa bati moja baada ya jingine. Mimi napaka grisi tu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja akaona shaba ile, macho yakamtoka, nikamfukuza kwa spana. Zina mwenyewe, nilimwambia. Mwenyewe gani, Saumu? Sijui hata leo. Nadhani nilikuwa nasubiri mtu aje mlangoni aseme bado nahitajika.

Mama yako aliniomba kitu kimoja tu kutoka kwenye sanduku lile. Unakijua kisima cha bibi yako Sindeni, pima kumi kwenda chini, na kiangazi cha Handeni unakijua. Alitaka winchi, mama yake aache kuvuta kamba kwa mikono. Aliniomba miaka. Nikamjibu zina mwenyewe. Siku moja akaacha kuomba, akawa anapanda gari mwenyewe kila baada ya wiki mbili kwenda kumvutia mama yake maji na kujaza mapipa. Alirudi viganja vimechubuka, akanipikia, akalala. Hakulalamika, na mimi nikachukulia kutolalamika kwake kuwa ni jibu.

Nilipoitengeneza ile winchi hatimaye, ilikuwa kwa hasira, baada ya kaka wa mama yako kunitania msibani kwamba fundi wa Kilole anakaa na maji ya wakwe wake ndani ya sanduku. Wiki nzima nilichomelea. Boriti nzito, beringi mpya, mkono wa kuzungushia wenye mpini wa mninga. Chuma kile kingeinua ng'ombe. Nikaipeleka Sindeni kwa lori la mkaa, nikaifunga mdomoni mwa kisima, nikainua ndoo moja mbele ya watu. Bibi yako akatoka, akanishukuru kwa adabu zote za mkwe, amejitanda khanga na macho ameyashusha. Wiki iliyofuata akaniletea kuku. Nikatembea Kilole nzima nikisimulia habari za kuku yule.

Miezi minne baadaye nikapita Sindeni bila taarifa, nilikuwa natoka kumtengenezea mtu mashine ya kusaga. Nikamkuta bibi yako anavuta kamba kwa mikono. Juu ya winchi yangu wameanika shuka. Wanawake wawili waliokuwa wanasubiri zamu wakanitazama, mmoja akashindwa kujizuia. "Mgosi, bwana fundi, karibu! Ile ndoo uliyoishusha siku ile ndiyo kwanza iko njiani inapanda." Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Bibi yako akawakemea, akaniambia, "Mkwe wangu, usiwasikilize. Mashine nzuri. Tunaitunza tu isichakae."

Wewe umeshajua kosa langu, maana umekuwa fundi kunishinda. Skrubu izunguke mara arobaini ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa kisima cha pima kumi, ndoo moja ni zaidi ya mizunguko elfu moja. Na kwa sababu gia haikubali kurudi nyuma, hata kuishusha ndoo tupu ni mizunguko hiyo hiyo. Mama mtu mzima aweke ndoo asubuhi, anywe maji adhuhuri. Nilipiga hesabu ya uzito, sikupiga hesabu ya muda wa mwanamke; na siku ile nilipoinua ndoo mbele ya watu, majivuno yalinifanya nisihisi muda. Na bibi yako hakuweza kuniambia, kwa sababu mkwe hasemwi. Alinipa kuku ili nisiaibike, nami nikadhani ni tuzo.

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama ningerudi na kapi na kipande cha bomba nikarekebisha. Kazi ya nusu siku. Sikurudi. Nilinuna. Niliing'oa ile gia, nikairudisha sandukuni, na sikukanyaga Sindeni mwaka mzima. Mama yako akaendelea kwenda peke yake na viganja vyake. Kuna jioni alirudi, akakaa hapo kwenye kigoda karibu na mlango wa karakana, akaniangalia ninavyofuta zile gia, akasema, "Baba Saumu, hivi vyuma unavipenda kuliko watu kwa sababu havisemi." Nilimwambia aniletee chai.

Kisha akapata kiharusi. Yanayofuata ulikuwepo, lakini kuna sehemu nimekuwa nikiisimulia vibaya makusudi, na leo nairudisha ilivyo. Unakumbuka tulivyokuwa tukimwinua. Mimi kwapa hili, wewe lile, shangazi anasukuma mito nyuma, na ndani ya dakika kumi ameshateleza tena. Alichukia kushikwa makwapani kama gunia. Hakuweza kulisema vizuri, mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini machozi yalitoka. Siku ya nne ya haya ulikuwa umekaa juu ya lile sanduku la gia unamenya chungwa. Ukasema, "Baba, mama hataki haraka. Anataka kitu cha polepole kisichomwangusha. Si ndiyo hizi nilizokalia?"

Wewe ndiye uliyesema. Si mimi. Wewe ukachora kwa chaki hapa sakafuni, kitanda cha chuma kilichokatwa katikati na kuwekwa bawaba, waya unapita chini na kujizungusha kwenye mhimili, gia pembeni, mkono wa kuzungushia upande wa miguu ili mzungushaji amtazame mgonjwa usoni. Mimi nilichomelea. Siku tuliyomlaza mama yako, ukaanza kuzungusha, akapanda polepole hata shuka halikusogea, na alipofika usawa wa dirisha akainua mkono wake mzima. "Hapo. Acha hapo. Naona njia." Ukaachia mkono, kitanda kikabaki. Miezi saba aliyobakiwa nayo aliishi akitazama watu wa Kilole wakipita, akijua nani kanunua nini na nani kagombana na nani.

Habari zikasambaa. Yule mzee wa Kwashemshi alishuka na mwanawe kutafuta kitanda cha mkewe, akaniuliza nilipataje akili ile. Ulikuwa umekaa mita mbili kutoka kwangu unapiga tupa pembe za fremu yake. Nikamjibu, "Nilikaa nikatafakari sana, mzee wangu." Tupa yako ilisimama kidogo, halafu ikaendelea. Na vitanda vilivyofuata nilisema hivyo hivyo. Vinne tulitengeneza, watu wanaviita vitanda vya fundi, na wewe hujawahi kufungua mdomo. Nilipokuuliza siku moja kama una neno, ulinijibu, "Hapana baba, hainisumbui." Sauti ilikuwa ya bibi yako kabisa. Mtu aliyewahi kupewa kuku alipaswa kuitambua.

Sasa nafika pale nilipokuwa nazungukazunguka.

Miezi minne baada ya mama yako kufariki ulikuwa unasubiri simu. Mwenzako wa chuo alikuwa amepeleka jina lako kwenye kile kiwanda cha mbao Mafinga, walitaka fundi wa mitambo, na wewe uliiweka simu karibu hata ukiwa unaosha vyombo. Mchana mmoja uliiacha kwenye chaji hapa karakana ukaenda kuteka maji bombani. Ikalia. Ulirudi ukaniuliza kama kuna mtu amepiga, nikakuambia nilikuwa nimelala, sikusikia chochote. Sikuwa nimelala. Niliipokea. Mwanaume, sauti ya upole, akajitambulisha kuwa ndiye mkuu wa karakana yao. Alisema, "Tunamhitaji Saumu aripoti Jumatatu." Nilitazama mlangoni. Chumbani kitanda cha mama yako kilikuwa bado kimeinuka vile vile alivyokiacha, kwa sababu hakishuki chenyewe, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kukishusha. Niliona nyumba hii na mimi peke yangu ndani yake, nazungumza na redio. Nikamwambia yule bwana, "Saumu ameolewa. Mambo ya ufundi ameachana nayo." Akanipa hongera. Nikaifuta ile namba kwenye simu yako kwa kidole hiki hiki ninachoandikia.

Ulisubiri mwezi na kitu. Kisha jioni moja ukaniambia, "Labda sikufaa, baba. Labda wamepata wanaojua zaidi." Na mimi, mwanangu, nilikujibu kwamba Mungu hakupanga. Nimesali swala nyingi tangu siku ile, na neno hilo linanisimamia mbele kila ninaposujudu. Uongo ni wangu, nikamtwika Mungu.

Miaka miwili umekaa hapa kwa uongo ule. Umenishikia chuma, umenipikia, umenifulia, na kila mtu akakusifu kwamba wewe ni mtoto mwenye huruma kwa baba yake. Umejifunza pia kujishusha. Nimeona unavyosema "nitajaribu" kwa kazi ambayo unaijua kuliko mimi. Hayo nayo nimeyafanya mimi. Zile gia nilizifunga kwenye nta nikazisubirisha kazi isiyokuja, lakini chuma hakina umri wa kupoteza. Wewe unao.

Mwaka huu uliandika barua upya bila kuniambia, mpaka walipokujibu. Nilipoona umesimama hapa mlangoni unatetemeka kwa furaha, niliingiwa na hofu ya aina mbili, na zote mbili nitakuambia. Ya kwanza ni ile ile ya siku zote, kubaki peke yangu. Ya pili ni kwamba mkuu wa karakana ni yule yule, jina lake nililiona kwenye barua yao. Jumatatu atakuuliza, "Kumbe wewe? Mume hajambo?" Kwa hiyo usinisifu kwamba nimeungama kwa uchamungu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika Mafinga kabla yako. Nilitaka ulisikie kwangu, si kwa mgeni, ukiwa umesimama mbele yake na mkoba wako. Hiyo ndiyo adabu pekee niliyobaki nayo.

Nimefikiria kukuambia uso kwa uso. Jana ulipokuwa unapanga nguo nilisimama mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unataka nini?" Nikasema natafuta koleo. Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ukacheka, ukasema, "Huyu mzee nikimwacha atajipoteza humu ndani." Nikacheka na wewe. Nilijua pale pale kwamba kucheka kwako ndiko kunakotaka kukubakisha, na kwamba nikinyamaza hata kidogo tu, nitakupata tena kwa mara ya pili bila hata kusema uongo mpya.

Kweli nitakuwa mpweke. Sikufichi, umeshafichwa vya kutosha. Jumapili nitaamka nisikie nyumba imetulia, nitaita jina lako kwa mazoea. Uji utaungua. Nitabana chuma kwenye vaisi na kugundua kinataka mtu wa pili. Lakini huo ni upweke wa umri wangu, una haki ya kunijia, na mtu hafi kwa kuita jina akakosa jibu. Ule niliouweka juu yako ulikuwa wa wizi.

Sikuombi msamaha humu kwenye karatasi. Ukisamehe haraka nitajua ni adabu, kama ile ya bibi yako, na sitaki tena kuku. Kasirika. Kaa kimya hata mwaka. Ukinipigia simu nikapokea na ukakosa la kusema, kata, nitaelewa. Wakikuuliza huko nani alikufundisha kazi, sema unavyotaka. Wakikuuliza nani aliwaza kile kitanda cha wagonjwa, sema ni wewe. Mimi nimeshamwambia shangazi yako leo kwa simu, na Jumapili napanda Kwashemshi kumwambia yule mzee.

Kesho stendi nitajikaza. Ukiniona nimeinama, ni kamba ya kiatu. Usinitazame sana dirishani.

Kwa mwendo wa madereva wa siku hizi, nadhani ukifika mstari huu gari linakaribia Segera. Najua Segera kuna magari mengi ya kurudi Korogwe, hata dakika tano husubiri. Huenda unataka kushuka urudi kunipigia kelele. Haki hiyo unayo, lakini usishuke. Huenda, nakujua, hasira imeshapita na unaniona nimesimama stendi peke yangu, mkono umeshaufuata mkoba. Hapo ndipo hasa nakuomba. Kaa kwenye kiti chako, mama. Usishuke Segera.

Baba yako